Mtengenezaji Hajulikani

Getini pa Chuo cha Ualimu cha Kapandwe, nje kidogo ya mji wa Mpanda, palikuwa na kibao: USIKANYAGE MAJANI. Imakulata alikisoma mara mbili. Kijijini kwao, upande wa Inyonga, majani yanafyekwa ili nyoka asijifiche. Hayapandwi kwa kamba, hayamwagiliwi maji kiangazi, wala hayaandikiwi kibao cha kuyatetea. Lakini siku ile hakuwa na ugomvi na mtu. Ilikuwa siku ya wazazi, mwezi wa nane mwaka 1997, na binti yake Yustina alikuwa amebakiza miezi mitatu awe mwalimu. Basi akashika pindo la kitenge chake kipya, akapita kwenye changarawe kama alivyoagizwa.

Alikuja peke yake, siku mbili juu ya lori la tumbaku. Mume wake, Salvatori, alisema atabaki nyumbani kulinda kuku. Kuku wenyewe walikuwa wanne. Imakulata hakubishana naye. Salvatori alikuwa haendi tena mahali penye watu wengi, na sababu yake kijiji kizima kiliijua.

Sababu yenyewe ni hii. Kule kwenye misitu ya miombo mzinga wa nyuki hutundikwa mtini, mbali porini, na mwenyewe huuacha huko miezi na miezi bila mlinzi. Hauna kufuli. Kufuli lake ni alama ambayo mwenyewe ameichonga ubavuni, na mrina asali yeyote akipita chini yake akaiona alama hiyo, anaendelea na safari yake. Ndivyo walivyolelewa. Mtu akigusa mzinga wa mwenzake hapigwi, anafanyiwa vibaya zaidi: anatolewa kwenye kambi ya warina asali, na hakuna atakayetembea naye tena porini mpaka anazikwa.

Mwaka 1986 Ponsian, ambaye watu wote walimwita Baba Method kwa jina la mwanawe wa kwanza, alipoteza mzinga wake mzuri kuliko yote, gogo la mninga alilolichonga wiki nzima. Akasema mti alioutundika ulijulikana kwa watu wawili tu, yeye na rafiki yake Salvatori aliyemsaidia kuupandisha. Jumapili baada ya misa akamwita Salvatori barazani, akachora ile alama ardhini kwa fimbo mbele ya watu wote, mistari mitatu ya kusimama na nusu duara juu yake, akasema, "Huu ndio mzinga wangu, na mwizi wake ni huyu." Salvatori alijibu neno moja tu, "Sikuugusa." Hakulirudia, wala hakuliongezea. Wakamtoa kambini, na mizinga yake kumi akapewa Baba Method iwe faini.

Tangu siku hiyo Salvatori akalima tumbaku, kazi aliyoichukia kwa moyo wote. Imakulata akienda kisimani, kulikuwa na wanawake waliovuta ndoo zao karibu na kucheka, eti wanamtania. Miaka kumi na moja ya utani wa namna hiyo. Wewe jaribu mwezi mmoja tu, halafu uje useme ni utani.

Siku ya wazazi ilianzia bustanini. Mwanachuo mmoja mwenye tai aliwatembeza kwenye bustani ya miti ya asili, kila mti na kibao chake, akieleza kwa sauti ya darasani. "Huu unaitwa mninga. Unatoa mbao ngumu." Wazazi wakaitikia "Aaa," kama vile hawakuzaliwa chini yake. Akafika kwenye tuta la mlenda, akawaambia kwamba mmea huu huliwa na baadhi ya makabila. Imakulata, aliyekuwa amekula mlenda juzi yake, alimtazama kijana yule tangu viatu hadi tai, akaamua kumsamehe kwa sababu ya umri wake.

Kutoka hapo wakaingia makumbusho. Kilikuwa chumba kimoja, zamani stoo, kilichopakwa chokaa vizuri, na aliyesimama mlangoni kukaribisha wageni alikuwa Yustina mwenyewe. Moyo wa Imakulata ulijaa. Binti yake alikuwa amevaa sketi ya bluu iliyopigwa pasi, ana kifimbo cha kuonyeshea, na nyuma yake meza yenye kitabu cha wageni: jina, unakotoka, sahihi, maoni. Safu ya maoni ilikuwa imejaa neno moja tangu ukurasa wa kwanza. Pazuri. Pazuri sana. Pazuri, endeleeni.

"Mama, anzia huku," Yustina alimwambia kwa heshima ya kazi. Akamwonyesha mitungi, vinu, majembe ya mkono ya wahunzi wa zamani, kiti cha miguu mitatu. Halafu akainua kifimbo juu. "Na hiki ni kifaa namba kumi na saba. Mzinga wa asili."

Ulikuwa umening'inizwa darini kwa waya mbili. Gogo la mninga, refu, limekauka na kung'aa kwa kupanguswa. Imakulata alitazama ubavu wake. Mistari mitatu ya kusimama. Nusu duara juu. Chini kabisa palikuwa na nukta moja iliyotobolewa kwa moto, ambayo yeye hakuikumbuka, lakini mengine yote aliyajua kuliko alivyojua mistari ya kiganja chake, maana yalichorwa ardhini mbele ya miguu yake huku watu wakimwangalia usoni.

Chini ya mzinga palikuwa na kadi. MZINGA WA ASILI. ULIPATIKANA PORINI, INYONGA, 1986. MTENGENEZAJI HAJULIKANI.

"Nani hamjui?" Imakulata aliuliza.

"Shikamoo, mama," akasema mwanamume mmoja aliyesogea karibu, mfupi, ana miwani. Alikuwa Mwalimu Osward, mkufunzi aliyekabidhiwa makumbusho. "Una swali?"

"Marahaba. Nani hamjui mtengenezaji wake?"

Mwalimu Osward alitabasamu. Akaeleza kwamba mwaka ule wanachuo walikwenda safari ya kukusanya vifaa vya utamaduni, na mzinga huu waliukuta porini, juu ya mti, hauna mtu.

"Hauna mtu!" Imakulata aliruka. "Mlitaka mtu akae juu ya mti pamoja nao? Mzinga unatundikwa porini, mwalimu. Mlitaka utundikwe sebuleni? Na hii hapa ubavuni mliona ni nini, mapambo?"

"Ni urembo wa kijadi," akasema Mwalimu Osward.

Damu ilimchemka Imakulata mpaka masikio yakaziba. Urembo! Watu wamesoma wakamaliza madaftari, wamevaa miwani, wanaandika vibao vya kutetea majani, halafu wanapita chini ya jina la mtu lililochongwa kwa patasi na wanaliita urembo. Wakalibeba kwenye lori, wakalifunga waya, wakaliwekea namba. Na huko nyuma walikolitoa, mtu akavuliwa heshima yake mchana kweupe.

"Mama, tafadhali," Yustina alinong'ona. Uso wake ulikuwa umepauka. "Usiniaibishe hapa."

"Huu mzinga umeupangusa wewe?"

"Kila Jumamosi. Miaka miwili sasa. Kwa nini?"

Siku ya baraza Yustina alikuwa na miaka tisa, na hakuruhusiwa kusogea. Alichojua ni kwamba shuleni walimwita mtoto wa mzinga. Imakulata alimvuta pembeni akamwambia maneno machache. Yustina alitazama juu, akaweka kifimbo chake mezani, na hakukishika tena siku ile.

Wazo la kwanza la Imakulata lilikuwa kukata waya na kuubeba mzinga kichwani hadi Inyonga. Wazo la pili ndilo lililomkalisha chini. Akirudi na mzinga, Baba Method atasema nini? Atasema: kumbe aliwauzia chuo! Na kijiji kitaitikia. Mzinga peke yake haumtetei Salvatori, unamzamisha.

"Mwalimu," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa chini, "hivi vitu mnaandika mlipewa na nani?"

"Tuna daftari la mapokezi. Kila kifaa kimeandikwa."

"Nifungulie."

"Daftari si la wageni, mama. Labda mwenye mzinga mwenyewe angekuja, hapo ningeona."

"Atakuja," akasema Imakulata. Alipotoka, mwanachuo mwenye tai alimkumbusha kwamba amesaini kitabu lakini hajaandika maoni. "Niachie nafasi," akamjibu. "Nitarudi."

Njiani kurudi, juu ya magunia, hasira ilimpa nafasi ya kufikiri, na kufikiri kukamletea kitu kibaya. Je, kama daftari limeandikwa Salvatori? Miaka kumi na moja alimtetea mume wake kwa watu bila kumuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa sawa na kuwa upande wao. Na Salvatori mwenyewe hakuwahi kusema zaidi ya lile neno moja. Mtu asiye na hatia si angepiga kelele? Imakulata alijichukia kwa swali hilo, lakini lilipanda naye lori na likashuka naye.

Hakumwambia Salvatori kitu. Alimsalimu, akamhesabia kuku wake wanne, akaweka begi, akaenda moja kwa moja kwa Baba Method.

Baba Method alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake ya bati akisuka kamba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili. Imakulata alisimama hatua tano mbali.

"Baba Method, mzinga wako upo. Uko chuoni Mpanda, umetundikwa makumbusho. Alama yako iko ubavuni."

Kamba ikaanguka. "Kumbe aliwauzia chuo!" akasema, neno kwa neno kama Imakulata alivyojua atasema. "Si nilisema mimi?"

"Wana daftari. Wameandika nani aliwapa. Watalifungua ukienda wewe mwenyewe. Kama limeandikwa Salvatori, mimi Jumapili nitapiga magoti mlangoni pa kanisa, kila anayeingia nimwambie mume wangu ni mwizi. Twende."

"Na kama si yeye?"

"Twende kwanza."

Mzee hakupenda. Alitaja mgongo, akataja barabara, akasema mambo ya zamani hayana faida. Lakini mzinga ule alikuwa ameulilia miaka yote, na sifa ya kuwekwa chuoni ilimwasha. Wiki iliyofuata walipanda lori moja, kila mmoja kwenye pembe yake, na siku mbili nzima hawakuambiana hata "shika hapa."

Chuoni Baba Method alikanyaga majani kutoka getini mpaka mlangoni pa makumbusho, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Alipouona mzinga alivua kofia. Akausogelea, akanyoosha mkono juu, akapitisha vidole kwenye ile alama, na macho yake yakalowa. Kisha akamwomba Yustina amsomee kadi, maana yeye kusoma hakujua.

"Mtengenezaji hajulikani," Yustina akasoma.

"Sijulikani?" Baba Method aliuliza. Akageukia Mwalimu Osward, na ndevu zake zilikuwa zinatikisika. "Mimi sijulikani? Jina langu si hili hapa? Nyie mmesoma vitabu vyote hivi, mti mmoja umewashinda kusoma?"

Imakulata alimwacha amalize. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja walikasirika juu ya kitu kimoja, na hata hilo lilimuudhi. Mzee huyu alikuwa anatetemeka kwa sababu kadi imemnyima jina. Kadi! Mwenzake alinyimwa jina na kijiji, mbele ya mkewe na wanawe, na aliyemnyima ndiye huyu anayelia.

"Daftari, mwalimu," akasema. "Mwenye mzinga huyu hapa."

Mwalimu Osward hakuwa na pa kutokea. Akafungua kabati, akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu, akatafuta kwa kidole. Imakulata alishika ukingo wa meza. Lile swali la kwenye lori lilikuwa limerudi.

"Namba kumi na saba," Mwalimu Osward akasoma. "Mzinga wa gogo. Umetolewa na Method Ponsian, mwanafunzi wa darasa la saba, aliyewaongoza wanachuo porini. Zawadi aliyopewa: mpira mmoja wa miguu."

Baba Method aliliinamia daftari ambalo hakuweza kulisoma.

"Rudia," akasema Baba Method.

Mwalimu akarudia. Mpira mmoja wa miguu. Imakulata aliukumbuka. Kijiji kizima kiliukumbuka, mpira wa ngozi halisi, wa kwanza kuonekana pale, na Method alisema amepewa na padre. Jumapili ile, Salvatori alipokuwa amesimamishwa barazani, watoto walikuwa wanaucheza uwanjani hatua chache kutoka hapo, na mara moja ulibiringika mpaka katikati ya watu, juu ya ile alama iliyochorwa. Salvatori mwenyewe ndiye aliyeuokota akawarudishia.

"Watu wawili tu," Imakulata alisema polepole. "Ulisema mti wanaujua watu wawili tu. Ulimsahau mtoto aliyekubebea kamba, Baba Method."

Kila mtu alikuwa amemwita hivyo kwa miaka ishirini na mitano. Siku hiyo mzee alilipokea jina hilo kama kofi.

Method alikuwa Tabora wakati huo, dereva wa lori, ana watoto. Baba Method alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu, kifaa namba nne, kisichoruhusiwa kukaliwa. Aliponyanyuka hakuuliza habari za kuurudisha mzinga. Hakuutazama hata. Nje, kwenye changarawe, akamgeukia Imakulata.

"Shemeji," akasema. Hakuwa amemwita shemeji tangu mwaka ule. "Nimekosa. Nitakuja nyumbani nizungumze na mwenzangu, sisi wawili, kimyakimya. Mizinga yake nitamrudishia mipya. Mambo haya tuyamalize ndani."

Ndani! Imakulata alicheka kwa sauti, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha yoyote.

"Ulimwita mwizi ndani? Ulimnong'oneza? Ulimwita barazani, Jumapili, watu wametoka kupokea komunyo. Ulichora chini. Watoto wangu wameitwa watoto wa mzinga njia nzima ya kwenda shule, hakuna aliyewaita ndani. Mimi sitaki mizinga mipya. Nataka usimame palepale, siku ileile ya Jumapili, uchore kama ulivyochora, useme mwizi alikuwa nani hasa. Ukishindwa, nitachora mimi."

"Na mwanangu?"

"Mimi pia nina watoto," akasema Imakulata, akatangulia kwenda kutafuta lori.

Jumapili ya pili baada ya hapo, baraza likakaa. Wapo waliojaribu kulizima. Mwenyekiti wa kijiji alisema mambo yaliyozikwa yasifukuliwe, na Imakulata akamuuliza kwa adabu kabisa nani aliyezikwa, maana mume wake yuko hai na amekaa hapo mbele. Salvatori alikuwa amekuja. Alipoambiwa habari za daftari hakushangilia, aliuliza tu, "Mpira?" kisha akatafuta shati lake la kanisani.

Baba Method alisimama. Akachora kwa fimbo, mistari mitatu na nusu duara juu yake. Akasema, "Mzinga huu ulitolewa na mwanangu Method, nikamsingizia Salvatori, na Salvatori hakuugusa." Sauti yake ilikuwa ndogo. Kutoka nyuma Imakulata akasema hawasikii, naye akarudia kwa nguvu.

Salvatori akanyanyuka kwenye benchi. Watu walifikiri atamkumbatia, wengine walifikiri atampiga. Alikwenda mpaka pale palipochorwa, akainama, akachomeka kidole ardhini chini ya mistari.

"Hapa kuna nukta," akasema. "Umeisahau. Niliitoboa mimi siku ile tunautundika, ukaniambia mzinga huu ni wetu wote wawili."

Baba Method alipiga magoti. Salvatori akamshika mkono, akamwinua, na baraza zima likashusha pumzi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja wao, miongoni mwa wale wa kuvuta ndoo, akamgusa Imakulata begani na kumwambia, "Mayo, mama yangu, yameisha. Mshukuru Mungu."

"Kwa mume wangu yameisha," akasema Imakulata. "Mimi bado." Akauondoa ule mkono begani mwake.

Mwezi wa kumi na moja Yustina alimaliza, na safari hii Salvatori alipanda lori. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi mno, walikwama mara tatu, akashuka kusukuma kama kijana. Chuoni walikuta kadi haijabadilishwa. Mwalimu Osward alieleza kwamba ameandika barua kwa wakubwa na anasubiri majibu. Mzinga nao haukuweza kutoka bila kibali. Salvatori alisimama chini yake, akaitafuta nukta, akaiona. Akasema waya zimefungwa vibaya, mdomo wa mzinga umeinamia upande ambao nyuki yeyote angeukataa.

Imakulata hakubishana na mtu. Alikwenda kwenye meza, akafungua kitabu cha wageni, akafunua nyuma mpaka mwezi wa nane, mpaka kwenye jina lake. Nafasi ya maoni ilikuwa bado iko wazi kati ya Pazuri na Pazuri sana. Akachukua kalamu, akaandika polepole kwa herufi za shule ya msingi, akipita mstari na kuingia pembeni mwa ukurasa:

Mmoja wa watengenezaji ni Ponsian wa Inyonga. Wa pili ni Salvatori, mume wangu, aliyeitwa mwizi miaka kumi na moja kwa sababu nyie hamkuuliza.